Iandikie Betri Yako Daftari

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta na wanafunzi wa ufundi, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka madirishani: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Waliotangulia wameshazingatia itifaki, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Miaka sita iliyopita alikuja kibandani kwangu, pale Ngamiani, mwalimu mmoja wa sekondari. Alikuwa na laptopu ya mtumba aliyoinunua miezi miwili nyuma. Aliyemuuzia alimwambia inakaa na chaji saa nne. Siku ile haikuwa inafika hata dakika arobaini. Mama wa watu ametoka kazini, begi la madaftari ya wanafunzi begani, jasho linamtiririka, akaniuliza swali moja tu: "Fundi, niliuziwa betri mbovu, au nimeiharibu mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Niliipima, nikaona imechoka, nikamwambia imechoka. Hilo alikuwa analijua kabla hajavuka kizingiti. Alichotaka kujua ni ilianza kuchoka lini, na kwa hilo mimi na yeye tulikuwa sawasawa, hakuna aliyekuwa na kitu mkononi. Muuzaji alipopigiwa simu akasema mashine ilitoka kwake nzima. Nani angembishia? Mwalimu akanunua betri nyingine kwa mshahara wake mwenyewe, akashukuru, akaenda zake. Swali lake lilibaki kibandani. Tangu wiki ile, kila laptopu inayokaa mikononi mwangu zaidi ya siku moja ina daftari lake, na hayo madaftari ndiyo nataka tuyazungumze leo.

Tuanze na ile namba ya asilimia inayokaa pembeni ya saa kwenye kioo. Wateja wetu wanaiamini kama mizani ya dukani. Wanasema, "Fundi, inajaa mia kwa mia, ila haikai." Mteja yuko sahihi, na namba nayo iko sahihi. Asilimia mia maana yake betri imejaa kiasi inachoweza kubeba leo. Haisemi chochote kuhusu kiasi ilichokuwa inabeba ilipotoka kiwandani. Fikirini simtanki la lita elfu moja ambalo halijaoshwa kwa miaka. Tope limelala chini mpaka limekula robo ya tangi. Ukifungulia maji, boya linapanda, linafunga, tangi limejaa. Ukianza kuchota unapata lita mia saba na hamsini, basi. Boya limefanya kazi yake ya kupima maji yamefika wapi juu. Habari za tope la chini si zake.

Habari za tope ziko ndani ya betri yenyewe. Wale mliowahi kufungua betri za zamani, zile nene zinazochomoka kwa nyuma, mmeziona seli zake: vibomba vya chuma vinavyofanana na betri za tochi, kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, ndiyo maana zinaitwa 18650. Mashine nyembamba za siku hizi zina seli bapa kama bahasha. Kwa aina zote mbili, pembeni ya seli kuna kibao chembamba chenye chipu, na chipu hiyo inahesabu umeme unaoingia na unaotoka. Kutokana na hesabu hiyo inatunza namba mbili zinazotuhusu: ujazo wa kiwandani, na ujazo wa leo betri ikiwa imejaa. Nyingi zinatunza na ya tatu, idadi ya mizunguko. Hapa wengi wanakosea, kwa hiyo nitasema taratibu. Mzunguko si kuchomeka waya. Mzunguko ni kutumia jumla ya asilimia mia ya chaji. Ukitumia nusu leo ukachaji, kesho ukatumia nusu nyingine, umemaliza mzunguko mmoja.

Kuzisoma namba hizi hakuhitaji mashine ya maelfu. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, piga Enter. Itakuandikia palepale imehifadhi wapi faili linaloitwa battery-report.html. Lifungue kwa kivinjari, tafuta mstari wa Design Capacity, ndio ujazo wa kiwandani, na chini yake Full Charge Capacity, ujazo wa leo ikijaa. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ni rahisi zaidi: ingia /sys/class/power_supply/BAT0, utakuta mafaili madogo, energy_full_design, energy_full, energy_now, cycle_count, na kila moja ndani yake lina namba moja tu. Namba za energy gawa kwa milioni, unapata wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaubeba. Baadhi ya mashine zinaandika charge badala ya energy, hizo zinahesabu kwa ampea-saa, lakini uwiano unaoutafuta ni uleule. MacBook nayo inaonyesha mizunguko na hali ya betri kwenye taarifa za mfumo, sehemu ya umeme.

Gawanya ya leo kwa ya kiwandani. Kiwandani wati-saa 48, leo 36, basi imebaki robo tatu. Tope limekula robo.

Mafundi wengi tunaishia hapo, na mimi niliishia hapo miaka mingi. Kina mama waliomo humu watanielewa haraka nikisema kasoro yake iko wapi. Ukimpeleka mtoto kliniki, muuguzi anampima uzito, halafu anaweka nukta kwenye kadi. Mwezi ujao nukta nyingine. Muuguzi haangalii kilo peke yake, anaangalia mstari unakwenda wapi. Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa anaendelea vizuri, na mtoto mwingine wa kilo nane hizohizo akahitaji kukimbizwa kwa daktari leo, kwa sababu mwezi jana alikuwa na tisa. Betri ya robo tatu ni hivyohivyo. Iliyofika hapo kwa miaka minne imezeeka kwa heshima. Iliyofika hapo kwa miezi mitano ina ugonjwa, au ina mtumiaji anayehitaji kuonyeshwa kitu, na bila nukta za nyuma huwezi kuzitofautisha.

Ni kweli ile ripoti ya Windows ina sehemu ya historia, inaonyesha ujazo wiki kwa wiki. Lakini historia hiyo inakaa kwenye Windows, haikai kwenye betri. Laptopu za mtumba karibu zote zinapigwa Windows mpya kabla ya kuuzwa, na historia inafutika hapo. Mnunuzi anaanza na ukurasa mweupe. Kinachobaki ni kile kilichomo kwenye chipu ya betri, mizunguko na zile namba mbili, kwa hiyo siku ya kwanza unapoishika mashine ndiyo siku ya kuandika mstari wa kwanza. Yule mwalimu angekuwa na mstari ule mmoja tu, wa siku aliyonunua, mazungumzo na muuzaji yangekuwa mengine kabisa.

Sasa, kuandika kwa mkono kila siku hakuna atakayefanya. Nimejaribu. Wiki ya kwanza unaandika, ya pili unaruka, ya tatu daftari limewekewa kikombe cha chai juu. Mashine ijiandikie yenyewe. Kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, na ndugu zake kuna kifurushi kinaitwa battery-stats, kinakusanya namba hizi na kinaweza kukuchorea grafu. Mimi nilianza na kijiprogramu cha mistari michache nilichoandika mwenyewe, na vijana, ningependa muanze hivyo, kwa sababu ukikiandika mwenyewe utaelewa kila namba inatoka wapi. Kinafanya jambo moja: kinasoma yale mafaili madogo, kinaweka tarehe na saa mbele, halafu kinaongeza mstari mmoja chini ya faili la maandishi. Kazi ya kukiamsha kila dakika kumi naiachia cron, ule mpangaji ratiba wa ndani ya Linux. Mstari wenyewe unaonekana hivi:

2021-03-14 10:20, Discharging, 31.28, 44.10, 11.42

Siku na saa, hali, hapa inatumia betri, wati-saa zilizobaki, wati-saa ikijaa, volti. Hauna herufi sitini. Hata laptopu ikiwaka usiku na mchana, mistari 144 kwa siku, mwaka mzima faili haliendi mbali na megabaiti tatu. Ni kama wimbo mmoja kwenye simu. Kwa hiyo asiniambie mtu hana nafasi.

Anayetumia Windows asijione ameachwa. Kuna mpangaji ratiba mle pia. Mwambie aendeshe ile amri ya powercfg mara moja kwa wiki, na kwa kutumia /output uhifadhi kila ripoti kwa jina la tarehe yake, kwenye folda ambayo haitafutwa Windows ikipigwa upya. Mara moja kwa wiki inatosha kuona uzee. Dakika kumi kumi ni kwa anayetaka kuona na tabia.

Ila msivuke mpaka. Kijana wangu mmoja wa kibandani aliweka kila sekunde moja. Mashine haikupata kutulia, na betri iliyokuwa inapimwa ikawa inaliwa na kipimo.

Baada ya miezi mitatu hivi, fungua faili kwenye programu ya majedwali, chora grafu ya ile safu ya nne. Nawatahadharisha mapema, mstari hautashuka kama mteremko. Unashuka kama ngazi. Unakaa tambarare wiki nyingi, halafu siku moja unadondoka. Mara ya kwanza kijana yuleyule alinijia mbio, "Mzee, betri imepoteza wati-saa nne toka jana!" Haikupoteza toka jana. Ilikuwa inapoteza kidogokidogo kwa miezi, jana ndiyo chipu imejua. Chipu haioni ndani ya seli, inahesabu tu. Ukizoea kutumia betri kati ya tisini na sitini, ukachaji, ukarudi tena sitini, chipu haipati safari ndefu ya kujisahihisha, na kadirio lake linachakaa. Siku umeme unapokatika jioni nzima ukaitumia kutoka juu mpaka karibu kuisha, inapata safari kamili, inasahihisha, na namba inadondoka. Wakati mwingine hata inapanda. Kwa hiyo ngazi moja isikutishe. Tazama miezi mitatu, tazama sita. Na usimwambie mteja betri yake imekufa kwa sababu ya mdondoko wa siku moja.

Hapa sasa ndipo daftari linapoanza kulipa. Kwenye la kwangu, la laptopu niliyokaa nayo miaka mitatu, nilipanga miezi kwa misimu yetu: kaskazi na kusi. Miezi ya kusi, Juni, Julai, Agosti, upepo unavuma, kibanda kina ubaridi, mstari karibu umelala. Kaskazi likiingia, Desemba mpaka Machi, bati linawaka, mchana unavuka nyuzi 30 na ndani ya kibanda ni zaidi, na ngazi karibu zote kubwa ziko humo. Mashine moja haithibitishi dunia nzima, najua. Lakini inakubaliana na kinachojulikana kuhusu betri hizi, na naomba mniruhusu nikieleze, kwa sababu fundi asiyejua kwa nini betri inazeeka atabaki kuuza betri tu.

Betri ya lithiamu-ayoni inafanya kazi kwa lithiamu kusafiri. Ukichaji, lithiamu inatoka upande mmoja, ambako kwenye betri nyingi za laptopu kuna kobalti, inaingia kwenye grafaiti, kitu kilekile cha ndani ya penseli. Ukitumia, inarudi. Akili hii ilijengwa na watu kadhaa kwa miaka: Stanley Whittingham miaka ya 1970, John Goodenough na wenzake kule Oxford mwaka 1980, Akira Yoshino wa Japani mwaka 1985, Sony ikaingiza betri ya kwanza sokoni 1991. Wote watatu walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Basi juu ya ile grafaiti hujengeka utando mwembamba. Utando ni wa lazima, unailinda betri isijile yenyewe. Lakini umetengenezwa kwa lithiamu ileile, na kila unapoongezeka unene, lithiamu iliyonaswa humo haisafiri tena. Ni kama ukoko wa wali. Mchele ni uleule ulioupima, ila uliogandana na sufuria haufiki kwenye sinia. Na sote tunajua ukoko unaongezwa na moto mkali. Betri nayo ina moto wake wa aina mbili, joto, na kukaa imejaa. Seli iliyojaa kabisa kwa kawaida iko volti 4.2, na katika hali hiyo utando unakua haraka kuliko seli iliyo katikati.

Kuna jedwali la Battery University, tovuti ya mafunzo ya betri, ambalo mafundi wa betri tunalitegemea sana. Betri iliyowekwa tu, haitumiki, mwaka mzima kwenye nyuzi 25: iliyohifadhiwa na chaji ya asilimia 40 inabaki na ujazo wa asilimia 96, iliyohifadhiwa imejaa inabaki na 80. Peleka joto nyuzi 40: ya asilimia 40 inabaki na 85, iliyojaa inabaki na 65. Tafadhalini zisikilizeni tena namba hizo za mwisho. Imekaa tu. Haijachaji simu ya mtu wala haijafungua barua pepe, na theluthi nzima imekwenda.

Nilikumbuka jedwali hilo siku ofisi moja hapa mjini iliponiita. Laptopu nane, zote wamezinunua mpya kwa mkupuo mmoja, hazijafika miaka mitatu, umeme ukikatika zote zinazima ndani ya dakika chache. Mhasibu wao alikuwa amekasirika, alikuwa na hakika wameuziwa vitu bandia. Nilisoma mizunguko. Moja ilikuwa na mizunguko 31. Nyingine 27. Kwa miaka mitatu! Betri zile hazikuchoka kwa kazi. Zilikuwa mezani, zimechomekwa ukutani usiku na mchana, zimejaa hadi shingoni, na matundu ya hewa moto yameelekezwa ukutani. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Wangekuwa na nukta za kila mwezi wangeona mstari unashuka wakati mizunguko haisogei, na hizo namba mbili zikikaa hivyo pamoja, jawabu liko wazi: joto na kujaa.

Ndiyo maana laptopu nyingi sasa zina uwezo wa kuambiwa ziache kuchaji zikifika asilimia 80. Kwenye baadhi unawekea kwenye programu ya mtengenezaji, nyingine kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijaamka. Kwenye Linux, mashine zinazokubali zina faili la charge_control_end_threshold, ukiandika 80 zinatii. Vitabu vya nje vinasema weka 80 usahau. Mimi nawaambia tofauti kidogo, kwa sababu ya hapa tunapoishi. Umeme wetu unakatika, na siku unapokatika katikati ya mtihani wa wanafunzi au mahesabu ya mwisho wa mwezi, zile asilimia ishirini ulizoziacha ni kazi iliyopotea. Kwa hiyo siku za kawaida weka 80. Ikitangazwa ratiba ya mgao, au kesho unapanda basi Kange asubuhi kwenda Dar, fungulia ijae usiku huo, utumie, urudishe. Daftari litakuonyesha kama utaratibu huo unakusaidia au la. Kwangu mwaka wa pili ulipoteza kidogo kuliko wa kwanza.

Nije kwenye betri za kopi, maana najua kuna watu wamekaa mkao wa kusubiri hilo.

Kijana mmoja anachapa barua na maombi ya kazi karibu na mahakama. Alinunua betri mpya, duka silitaji, na dukani hawakuwa na nia mbaya, nao waliletewa. Lebo: volti 11.1, mAh 5,200. Zidisha, gawa kwa elfu moja, unapata wati-saa 57 na ushee. Nikasoma chipu, nayo ikasema 57. Ingekuwa ni kipimo cha mara moja, ningeibariki. Lakini mashine ile ilikuwa na daftari langu tangu betri ya zamani, na daftari lilishanifundisha ulaji wake: akichapa tu, bila intaneti, ni wati tisa hivi. Wati-saa 57 kwa wati tisa ni zaidi ya saa sita. Nikamwambia aitumie siku moja bila waya, kisha aniletee faili.

Tulilisoma pamoja, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Saa tatu asubuhi, volti 12.4, asilimia 100. Dakika kumi, 12.0. Nusu saa, 11.5. Safu ya asilimia inashuka polepole, kwa adabu, 97, 93, 89. Safu ya volti pembeni yake inakimbia. Saa nne na robo, asilimia 80, volti 10.3. Dakika kumi baadaye, asilimia 78, volti 9.6. Mstari unaofuata haupo. Mashine ilizima ikiamini ina zaidi ya nusu tangi. Betri ile ina seli tatu zilizofuatana, na seli ya namna hii ikikaribia volti tatu imekwisha, kwa hiyo tatu kwa tatu, volti tisa, ndiyo sakafu. Chipu ilikuwa imeandikiwa namba isiyo yake. Volti haikuandikiwa na mtu. Saa moja na dakika ishirini na tano, kwa wati tisa, hazifiki wati-saa 13.

Nikachapa grafu ile, safu mbili kwenye karatasi moja, kijana akaipeleka dukani. Hakugombana na mtu. Alibadilishiwa, na mwenye duka alinitafuta baadaye akitaka kujua namna ya kupima mzigo kabla hajaulipia. Sasa linganisheni na yule mwalimu wangu wa miaka sita nyuma, ambaye alikuwa na haki kama huyu, ila hakuwa na karatasi.

Kuna jambo jingine linalonigusa, na sitaki niondoke bila kulisema. Kobalti iliyomo kwenye betri hizi, sehemu kubwa zaidi ya ile inayochimbwa duniani, inatoka Kongo, na mji wa migodi yake ni Kolwezi. Nenda Kolwezi utasalimiwa kwa Kiswahili. Kuna watu mle wanaingia mashimoni kwa mkono, na watoto wameonekana wakiokota na kuosha mawe hayo. Kila betri tunayoibadilisha kwa kubahatisha, kwa kuwa mteja kasema haikai na sisi tuna betri ya kuuza kabatini, kuna mtu anayezungumza lugha yetu aliyeichimba. Na ile tuliyoitoa tunaitupa wapi? Nimeziona kwenye madampo yetu zimechanganywa na maganda ya ndizi, nyingine zimevimba kama mkate. Iliyovimba, wanangu, usiitoboe, usiikandamize ili kifuniko kifunge, usiichaji hata mara moja zaidi. Itoe, iweke mbali na kitu kinachoshika moto, usiichome na takataka. Daftari mara nyingine linakuonya kabla, ujazo unapoporomoka ghafla bila sababu za kaskazi wala mizunguko. Ukiona hivyo fungua mashine uangalie kwa macho.

Mafundi wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye kile kitabu cha risiti, ongezeni safu tatu: ujazo wa kiwandani, ujazo wa leo, mizunguko. Mteja akileta mashine hata kwa kibodi, zisome, ziandike, umpe nakala. Inachukua dakika moja. Mwaka ujao akirudi utakuwa na nukta mbili. Na anayekuja kununua mtumba, msomeeni kabla hajatoa pesa, hata kama mashine ni yenu mnayoiuza. Nimepoteza mauzo mawili matatu kwa kufanya hivyo. Waliobaki wananiletea ndugu zao.

Walimu, kama mna nafasi kwenye somo la programu, kijiprogramu hiki ni zoezi zuri kuliko yale ya kuhesabu matunda. Mwanafunzi anasoma faili, anaandika faili, anapanga ratiba, anachora grafu, na mwisho wa muhula ana kitu cha kweli kuhusu mashine ya kweli.

Maneno yanatosha, tufanye. Nani ana laptopu hapa? Haya, njoo mwanangu, iweke hapa mezani watu waone. Umeinunua lini? Januari, ya mtumba, vizuri. Chomoa waya kwanza. Fungua dirisha la amri, andika ile amri niliyoitaja, taratibu, usisahau mkwaju kabla ya neno la pili. Mwalimu, naomba chaki. Naandika tarehe ya leo hapa juu kushoto. Ukiuona mstari wa Design Capacity, soma kwa sauti.